Mwalimu Aliyekwisha Kuripoti

Bashay, 24 Februari 2003

Philo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Itikia huko uliko, mimi huku nitasikia, maana majengo yamekuwa matupu mpaka nikikohoa darasa la kwanza naisikia sauti yangu tena darasa la tatu.

Lori lenu lilipopinda kona ya kanisa nilibaki nimesimama na makufuli mkononi kama mjinga. Taasisi nzima inayohamia Katesh, walimu na watoto, juu ya makabati na meza, mnaimba, na Eva wangu mbele kwa dereva, hata kugeuka hakugeuka. Miaka minane nimemlea, ameona kioo cha gari amenisahau! Nilicheka, halafu nikaingia ndani nikalia. Nakuambia wewe tu.

Barua ya mkurugenzi ninayo hapa. Nibaki wiki mbili, niendelee kupima mvua kila asubuhi, nikabidhi majengo kwa kijiji, mwenyekiti atie sahihi, ndipo nije. Nisiondoke bila sahihi. Mwenyekiti naye ananiambia wiki ijayo. Tangu watangaze mkoa mpya wa Manyara kila mtu ana kikao.

Ninachoogopa ni kitu kimoja, Philo. Ule waraka unasema kati ya walimu watafiti kumi na tisa watabaki kumi na mmoja, na asiyekuwepo kwenye duara la asubuhi siku kumi mfululizo ahesabiwe ameacha kazi. Nikiikosa hiyo nafasi nitaishi wapi na mwanangu? Hapa shule imefungwa. Mtoto yuko kwako, kazi iko kwako, mimi niko na mbuzi wa mlinzi.

Basi nifanyie kama tulivyolelewa na Mzee Maximilian. Najua amestaafu ukurugenzi, lakini kanuni yake hakuna aliyeifuta: asiyefika kwenye duara, jirani yake humwitikia "Yupo" na kumfanyia kazi yake siku hiyo, na aliyeitikiwa hahesabiwi mtoro. Bwana Patriki, mkurugenzi wa sasa, akiita jina langu, niitikie. Kila siku, usisahau hata moja.

Mwambie Eva avae sweta.

Mimi,
Letisia Sulle

*

Katesh, 3 Machi 2003

Mama Eva,

Milele amina. Acha kulia, umri wa miaka thelathini na nne unalilia lori!

Tumefika salama. Katesh ni upepo, mama. Unaanua nguo zina vumbi kuliko ulivyozianika. Mlima tunauona asubuhi tu, baadaye unajifunika. Eva analala na wanangu, anakula, jana kampiga mkubwa wangu kwa kiatu, kwa hiyo ujue ni mzima.

Duara tunalifanya kwenye ukumbi mpya, walimu na watoto pamoja kama zamani. Viti ni vya plastiki, kila mmoja na jina lake kwenye karatasi. Chako nimekiweka kulia kwangu. Leo Patriki alipoita "Letisia Sulle" nikaitikia "Yupo!" kwa sauti yako ile ya kugombana, watu wakacheka. Mkurugenzi akakitazama kiti, akatia vema kwenye daftari. Mchana nikaenda kupima mvua kwa niaba yako. Kipimo kikavu.

Eva aliniuliza kwa nini nimesema upo wakati haupo. Nikamwambia ndivyo tunavyomshikia mtu nafasi. Amenielewa.

Barua zako mpe Hasani wa Dongobesh, gari lake la vitunguu saumu linapita hapa kila wiki.

Wako,
Philomena

*

Bashay, 17 Machi 2003

Philo,

Asante kwa kuniitikia. Wiki mbili zimepita na sahihi sijapata. Mvua imeanza kwa nguvu, milimita arobaini na mbili kwa siku moja, barabara ya Dongobesh imekatika, Hasani mwenyewe kalala njiani siku mbili.

Nikuchekeshe. Jino langu la mbele limetoka. Nilikuwa natafuna hindi la kuchemsha, si la kuchoma, la kuchemsha! Likatoka bila damu. Nimelifunga kwenye karatasi. Na mikono imenikauka mpaka nikishika kalamu naiona si yangu. Nadhani ni baridi, na kulala peke yangu kwenye jengo lenye vyumba kumi na vinne.

Lakini kuna jambo halinichekeshi. Nikolausi mlinzi, ambaye miaka yote anaanza kunisalimia akiwa bado mbali, siku hizi ananipita. Juzi nilimsimamisha, nikamwambia, "Nikolausi, nimekukosea nini?" Akavua kofia, akasema, "Samahani, sikukuona." Nilikuwa mbele yake, Philo, na ndoo mkononi.

Na Eva mbona haandiki? Nilimpa daftari zima kwa ajili hiyo. Mwambie mama yake anamngoja.

Letisia

*

Katesh, 25 Machi 2003

Mama Eva,

Usiwe na haraka. Huku kila kitu kinakwenda vizuri, nafasi yako ipo, hakuna anayeigusa. Maliza kazi ya kijiji taratibu.

Eva ana masomo mengi, ndiyo maana. Ameongezeka uzito. Kwenye ile nyumba namba nne wanapata maziwa kila siku kwa jirani, mimi kwangu maziwa ni Jumapili.

Nakwenda kanisani, nitakuandikia vizuri siku nyingine.

Philomena

*

Bashay, 7 Aprili 2003

Philomena,

Leo hakuna utani.

Hasani ameleta barua yako pamoja na bahasha ya ofisi iliyoandikwa "Kwa Mlinzi, Bashay". Nikolausi hajui kusoma, akaileta nimsomee. Akaniita bibi. Nilifikiri ananitania. Ndani kuna orodha ya watumishi waliofika Katesh. Nimeisoma mara tano. Namba tisa: Letisia Sulle, mwalimu mtafiti, ameripoti tarehe 10 Machi, nyumba namba nne, anaishi na mtoto mmoja.

Nani huyo anayeishi na mtoto wangu?

Nilikwenda kwa mwenyekiti na funguo zote, nikamwambia leo lazima atie sahihi. Alikuwa na wazee wawili. Akanipa kiti kwa heshima, akasema, "Bibi, hizo funguo umezipata wapi? Mwalimu Letisia alishahama na wenzake. Wewe ni nani yake?" Nilimtukana, Mungu anisamehe. Mwanaume huyu ndiye aliyeniomba nimfundishe binti yake kusoma. Wale wazee wakanisindikiza mpaka nje wakinishika viwiko, kwa upole, kama unavyomsindikiza mgonjwa.

Nilirudi nikajitazama kwenye kioo cha maabara, maana changu nilikipakia kwenye lori. Philo, nywele zote ni nyeupe. Macho yana ukungu pembeni. Nimemwona marehemu bibi yangu mzaa mama, yule wa Masieda.

Unajua kitu na unanificha. Tulipata kipaimara siku moja pale parokia ya Daudi, tukavaa gauni moja kwa zamu kupigwa picha. Niambie.

Letisia

*

Katesh, 14 Aprili 2003

Letisia,

Yesu na Maria, nitaanzia wapi?

Nilikuitikia siku sita za kwanza, kiti kitupu. Jumatatu ya tarehe 10 Patriki aliita jina lako, nikafungua kinywa, na kabla sijatoa sauti nikasikia kiti cha kulia kinalia kama mtu anapokaa. Nikasema "Yupo" kwa mazoea. Nikageuka. Ulikuwa umekaa.

Letisia, ni wewe. Sweta ya kijani, mwanya wako, kovu la panga kwenye kidole. Hakuna aliyeshangaa. Walikupa pole ya safari. Eva alitoka mbio akavuka ukumbi akamrukia. Mtoto alikuwa analia kwa furaha, wewe ungesema nini pale? Nikajiambia umefika na gari la usiku. Wiki iliyofuata barua yako ikaja, ya tarehe 17, na habari ya jino lako. Nikaificha chini ya godoro. Naona haya.

Mchana nilikuwa namchunguza. Anafanya kazi vizuri. Anapika makande bila kuyaunguza, kitu ambacho wewe hukukiweza. Hagombani. Nikimtania anacheka pale pale ambapo wewe ungecheka. Lakini hasemi jambo ambalo mimi silijui. Nilimwuliza, "Mama Eva, hivi huyu mtoto ulimzalia wapi, mbona hujawahi kunisimulia?" Akanitazama akitabasamu, hakujibu. Akabaki na tabasamu lile lile mpaka nilipoanza habari nyingine. Nadhani ameumbwa kwa ninavyokujua mimi, na nisichokijua hana.

Na Jumapili hatuna duara. Jumapili jioni anakuwa hafifu, anakaa kitandani ameegemea ukuta, Eva anamfunika akidhani ana malaria. Jumatatu nikiitikia tu, anaamka anafua.

Sikutaka mabaya. Uliniomba nisisahau hata siku moja, na sikusahau. Sasa naogopa kuendelea na naogopa kuacha. Nikinyamaza siku kumi utafutwa kazi. Na mtoto atamwona mama yake anakwisha mbele ya macho yake. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Philomena

*

Bashay, 24 Aprili 2003

Philomena,

Unaogopa! Mimi ndiye ninayeng'oka meno, wewe ndiye unayeogopa!

Nilitaka nikuandikie mambo ambayo yasingefutika. Nimengoja siku nne hasira ipungue, haijapungua, ila muda sina. Kila asubuhi saa mbili, saa yenu ya duara, kuna kitu kinanitoka. Nakisikia. Nashika mlango nisianguke. Leo wino huu nauona kwa shida.

Sikia. Sahihi ya mwenyekiti siitaki tena, funguo nimezitundika msumarini. Hasani amekubali kunichukua. Anasema, "Bibi utakaa mbele na mimi," hajui ni mimi, na nimeacha kumweleza. Nitafika Katesh Jumatatu tarehe 5 Mei asubuhi, kabla ya duara. Patriki akiita jina langu, wewe nyamaza. Jing'ate ulimi ukitaka, lakini nyamaza. Nitaitikia mwenyewe kwa kinywa changu, "Nipo", na huyo aliyekaa kwenye kiti changu ataona pa kwenda.

Mwanangu ni mwanangu. Sikumwacha, nilitumwa kazi. Nikishika mkono wake kila kitu kitarudi, hata jino.

Siku hiyo usiniangushe.

Letisia

*

Katesh, 6 Mei 2003

Letisia,

Kwa nini hukuja?

Sikulala Jumapili. Asubuhi nilisimama getini mpaka saa mbili kasoro dakika tano. Gari la Hasani lilifika, nikalikimbilia, akashuka bibi mmoja mzee sana na kifurushi. Nilimtazama usoni, maana uliniandikia habari ya nywele nyeupe, lakini sikuona chako hata kimoja. Nikamwuliza Hasani mwalimu yuko wapi, akasema hakuna mwalimu aliyepanda, wallahi. Nilimsalimia yule bibi shikamoo, akaniangalia kwa muda mrefu ndipo akaitikia marahaba. Alikuwa anatetemeka na baridi. Nikampa chai, nikamwambia aingie ukumbini apumzike pale mlangoni, maana upepo ulikuwa mkali.

Nikakaa kwenye duara. Patriki akaita jina lako. Nilinyamaza kama ulivyoniagiza.

Akaita mara ya pili. Watu wote wakanitazama. Nami nikamtazama yule wa kulia kwangu. Rangi ilikuwa inamtoka, Letisia, kuanzia mikononi, mpaka nikaiona karatasi ya jina kwenye kiti kupitia bega lake. Hakunilaumu. Aligeuka kumtafuta Eva. Eva akaja akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaanza kusema "Mama, mama, mama," mfululizo, na alikuwa ananitazama mimi. Anajua, yule mtoto. Sijui amejuaje, lakini anajua ni mimi.

Nikageukia mlangoni nikikungoja. Yule bibi alikuwa amesimama, kinywa wazi, nikadhani atasema kitu. Akakohoa tu.

Mara ya tatu nikasema "Yupo". Nilisema kwa nguvu, nisamehe. Sikuweza kumwangalia mtoto.

Nilipotoka kumrudia yule bibi nilikuta kikombe, yeye ameshaondoka. Watoto wanasema amerudi kwenye gari la Hasani.

Niandikie unieleze ulikwama wapi. Au niambie umekasirika. Niandikie tu nijue upo.

Philomena

*

Bashay, 15 Mei 2003

Philo,

Nilikuja. Chai yako ilikuwa nzuri, uliweka tangawizi.

Usilie kwanza, soma mpaka mwisho. Naandika kidogo kidogo, hii ni barua ya siku tatu.

Uliposema shikamoo nilitaka kukupiga kofi. Miaka yote tunasalimiana "we Philo" na "we Leti", leo unaniinamia. Nilitaka nikutajie lile gauni la kipaimara. Lakini nyuma yako alikuwa anapita Eva na mfuko wa madaftari. Amekua. Amesukwa vizuri, mistari imenyooka, mimi sikuwahi kuweza kumnyoosha mistari. Akasimama, akasema, "Shikamoo bibi," akanipa mkono kwa adabu. Nikaitikia marahaba. Nikaushika ule mkono, Philo. Nilisema nikiushika kila kitu kitarudi. Hakuna kilichorudi. Akauchomoa taratibu, akaenda kwenye duara.

Mara zote tatu nilisikia jina langu. Mara ya pili kinywa kilikuwa tayari, neno liko kwenye ulimi. Nikamwona alivyomshika yule, na nikaelewa nikisema "Nipo" atakachokipata mwanangu. Mama yake ataisha kama moshi, na badala yake atapewa kikongwe wa mlangoni asiyemjua, ambaye hatamaliza mwaka. Nikageuza ikawa kikohozi. Usijilaumu. Neno lilikuwa langu na nililimeza mwenyewe.

Kwa hiyo usiache. Umesikia? Kila siku, na Jumapili pia, hata kama hakuna duara, nenda nyumba namba nne, mwite kwa jina, ujiitikie. Ukisafiri mtafute wa kumwachia kazi hiyo. Ukistaafu mfundishe Eva mwenyewe, atakuwa amekuwa mkubwa.

Na sasa mkalishe huyo mama karibu, umsomee haya kwa sauti, maana ulisema usichokijua wewe hana.

Eva nilimzalia njiani, kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tukienda hospitali. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, hakukuwa na mwanamke mwingine, ni mimi na mwenye mkokoteni ambaye alifunga macho muda wote. Nilimkata kitovu kwa wembe wa kuchongea penseli. Sikumsimulia mtu kwa sababu niliona aibu. Nilikuwa peke yangu kwa sababu baba yake alikuwa ameshasema si wake. Mtoto akiuliza asiambiwe hilo la baba mpaka awe na miaka kumi na mitano. Aambiwe kwamba alipotoka hakulia, alipiga chafya, na mama yake alicheka mpaka ng'ombe wakasimama.

Akiogopa radi hataki kukumbatiwa, anataka mtu amhesabie sekunde kwa sauti. Makande hapendi, anakula kwa sababu ya heshima. Akisema uongo anakunja vidole vya mguu, mtazame miguuni. Homa yake huanzia sikio la kushoto, siku zote la kushoto, mafuta ya uvuguvugu matone mawili, na hapo analala ukimshika nyuma ya shingo, si mkono.

Msomee mara mbili ili ashike.

Letisia